Maswali ya Wasomaji: Kasoro katika panga za kale za Kijapani

Barua kuhusu panga za Kijapani zimeongezeka kiasi kwamba safu ya mwezi huu tumeiachia mada hiyo peke yake. Tumechagua tano, na majibu yametolewa na mchangiaji wetu wa vitu vya kale.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mgeni katika ukusanyaji wa panga za Kijapani. Kuna muuzaji anayeniuzia wakizashi (upanga mfupi) ya zama za Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, kwa bei iliyo chini sana kuliko nyingine za aina hiyo. Kwa uungwana ameziorodhesha kasoro zake: nyufa mbili nyembamba zinazokwenda kwa urefu katika bapa, pengo dogo mgongoni, na kistari kimoja kwenye makali ambacho anasema hakionekani ila kwa lenzi. Hizo nyufa mbili zimenitia hofu. Je, ninunue?

JIBU: Ndugu msomaji, zile nyufa mbili zinazokuogofya ndizo ambazo ningezisamehe, na kile kistari kilichotajwa mwishoni kana kwamba ni nyongeza ya adabu tu ndicho ambacho kingenifanya niurudishe upanga alani. Kasoro ya upanga wa Kijapani haihukumiwi kwanza kwa ukubwa wake, bali kwa mahali ilipo na upande inakoelekea. Anayeanza huwa anaogopa kinachoonekana kwa macho, ilhali kinachouharibu upanga kabisa mara nyingi hakizidi unene wa unywele.

Sababu yake imo katika namna upanga unavyofuliwa. Mhunzi huanza na tamahagane, chuma kinachopatikana kwa kuunguza mchanga wenye chuma pamoja na makaa ndani ya tanuri la udongo liitwalo tatara. Chuma hicho hukikunja na kukifua tena na tena, kwa kawaida mara 10 hadi 15, mpaka kiwe matabaka maelfu yaliyoshikamana, kisha kwa kawaida hukifanya kuwa ngozi ngumu inayofunika kiini cha chuma laini zaidi. Upanga ukishapata umbo, hupakwa udongo, mzito mgongoni na mwepesi kwenye makali, ukapashwa moto na kuzamishwa majini. Makali hupoa ghafla na kupata matiko makali sana, kwa kuwa chuma chake hugeuka kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu lakini rahisi kuvunjika, na mgongo uliofunikwa na udongo mzito hupoa polepole na kubaki na ulaini unaohimili kishindo. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio Wajapani wanaouita hamoni.

Nyufa zinazokwenda kwa urefu katika bapa, ambazo huitwa ware, ni mahali ambapo tabaka moja halikushikana vizuri na jingine wakati wa kufua. Kwa kuwa zinafuata mwelekeo wa matabaka yenyewe, hazikati njia ya nguvu inayopita ndani ya upanga, na hasara yake kubwa ni ya sura. Zikiwa chache na fupi katika upanga wa zamani, hupunguza bei bila kuondoa thamani. Jamaa yake ni fukure, yaani lengelenge linalotokea pale takataka au hewa iliponaswa kati ya matabaka, nalo likinolewa kupita kiasi hupasuka na kuacha kishimo. Baadhi ya mafundi hukiziba kishimo hicho kwa kipande cha chuma kiitwacho umegane, na utakitambua kiraka hicho kwa kuwa mistari ya chuma inayotiririka katika bapa hukatika ghafla kwenye mpaka wake na kuanza tena upande wa pili.

Kistari kinachokatiza makali ni jambo jingine kabisa. Ikiwa kinaanzia kwenye ukingo wenyewe na kupanda wima kuelekea hamoni, hiyo ni hagire, ufa ndani ya ile sehemu ngumu isiyovumilia ufa wowote. Huweza kutokea siku ile ile upanga ulipozamishwa majini, kwa kuwa martensaiti hutanuka inapoundwa huku chuma cha jirani kikibaki nyuma, au kutokea baadaye upanga ulipogonga kitu kigumu au kunyooshwa kwa nguvu baada ya kupinda. Haiwezi kuungwa kwa moto, kwa sababu moto huo huo ungeondoa matiko, na mara chache huwa fupi kiasi cha kuondolewa kwa kunoa. Upanga ulikuwa silaha kabla haujawa pambo la kuangaliwa, na kwa kipimo hicho upanga wenye hagire ni upanga uliokwisha kuvunjika, ila vipande vyake havijaachana.

Huenda kistari chako ni mkwaruzo tu. Ukigeuza upanga polepole chini ya taa, mkwaruzo hung'aa katika pembe fulani na kufifia katika nyingine, lakini ufa hubaki mstari mweusi popote utakapousimamisha mwanga. Tazama pia upande wa pili mahali pale pale. Mkwaruzo hauvuki makali, hagire mara nyingi huvuka. Ukiipata moja, chunguza sentimita chache za kulia na kushoto kwake, kwa kuwa tukio lililozaa moja huweza kuwa lilizaa tatu.

Kuhusu pengo la mgongoni, lipige picha ya karibu kabla ya kulilaumu. Likiwa jembamba, lenye kuta safi na umbo la pembe kali, pengine ni kirikomi, alama ya upanga wa adui uliozuiwa kwa mgongo, na alama hiyo wakusanyaji huiheshimu badala ya kuifuta. Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna upanga wa mhunzi mashuhuri Masamune uliokuwa wa mkuu wa vita Ishida Mitsunari, wenye alama za namna hiyo, na zimeingia hata katika jina la upanga huo. Pengo pana lenye kingo zilizopondeka, kwa upande mwingine, ni kugongwa tu.

Kwa kifupi cha jibu lako: bei hiyo ya chini imekwisha kukihesabu hicho kistari. Omba muda wa kukitazama mwenyewe, na ukinyimwa, acha.

SWALI: Nimesoma kwamba upanga uliochoka, ambao kiini chake kimeanza kujitokeza, hauna thamani, na kwamba upanga uliotiwa matiko upya umekufa. Lakini katika makumbusho nimeona panga mashuhuri zenye hali hiyo hiyo. Je, sheria ni moja kwa wote? Na panga zilizofupishwa, nazo ni zenye kasoro?

JIBU: Si moja, na wala haikukusudiwa kuwa moja. Kila unapofikishwa kwenye jiwe la kunolea, upanga hupoteza chuma kidogo. Upanga wa zama za Kamakura, zilizokwisha mwaka 1333, umepita mikononi mwa wanoaji wengi kwa karne karibu 7, na ingekuwa ajabu kama ngozi yake isingekuwa imepungua. Upanga wa mwanzo wa karne ya 19, enzi ambayo wakusanyaji huiita Shinshinto, hauna udhuru huo. Ukiona mabaka meusi yasiyo na mistari yoyote katika bapa la upanga mchanga, yaani kiini kikichungulia, ujue ama ngozi ilifuliwa nyembamba tangu mwanzo ama mtu aliunoa bila huruma. Kasoro hiyo hiyo ambayo katika upanga wa Kamakura ningeitaja kwa upole, hapa ningeikataa.

Uchovu una kipimo kimoja rahisi ambacho nashangaa wanaoanza hawafundishwi siku ya kwanza. Mpini ukishatolewa, linganisha unene wa nakago, ile sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini, na unene wa upanga sentimita chache juu yake. Nakago hainolewi. Kwa hiyo, ikiwa haijachongwa upya, hubaki na unene unaokaribia ule wa asili, na tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili inakuonyesha chuma kilichokwenda na maji ya mnoaji. Angalia na machi, vile vidato viwili vinavyotenganisha upanga na nakago: kidato cha upande wa makali kikiwa kimekwisha kabisa, makali yamerudi nyuma sana, na hamoni nayo imebaki nyembamba kwa kiasi hicho.

Kutia matiko upya, ambako huitwa saiha, hufanywa kwa kawaida baada ya upanga kuungua. Moto huondoa matiko yote, na mhunzi mwingine huyarudisha. Upanga hupata makali tena, lakini hamoni unayoiona si ya mhunzi wa kwanza, na kazi yake hasa ndiyo iliyopotea. Dalili moja ni mizukage, kivuli cheupe kinachopanda kwa mshazari kutoka penye machi. Hiyo ni sababu ya kushuku, si hukumu. Horikawa Kunihiro, mhunzi mkubwa wa Kyoto, ana panga zenye kivuli hicho ambazo hazikuungua kamwe. Dalili zinapokuwa mbili au tatu, kwa mfano kivuli hicho pamoja na ngozi ya nakago iliyobabuka kama iliyopita motoni, ndipo shaka hugeuka kuwa jibu.

Panga mashuhuri ulizoziona zina kisa chao. Kasri la Osaka lilipoanguka mwaka 1615, panga nyingi za hazina zilizokuwamo ziliungua, na mshindi wa vita hivyo, Tokugawa Ieyasu, akamkabidhi mhunzi wake, Echizen Yasutsugu, kazi ya kuzitia matiko upya. Mojawapo ni Ichigo Hitofuri, tachi (upanga mrefu wa kale) ya mhunzi Awataguchi Yoshimitsu ambaye alisifika zaidi kwa majambia. Upanga huo ungali unatunzwa katika hazina ya mfalme wa Japani, kwa kuwa una umbo la mkono wa Yoshimitsu na historia isiyo na mfano wake. Wakizashi isiyo na saini iliyoungua katika ghala la mtu asiyejulikana haina la kuitetea.

Mwisho wa barua yako unagusa ufupishaji wa panga, nami nitasema machache. Tachi nyingi za zamani zilikatwa upande wa nakago ili zifae kuvaliwa kama katana, upanga wa kuchomekwa kiunoni, na kwa kazi za Kamakura hilo ni jambo la kawaida ambalo hakuna anayeliita kasoro, ingawa upanga wa namna hiyo uliobaki na urefu wake wa asili na saini yake huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Kilicho kasoro ni kukatwa kwa upanga wa karne ya 18 au ya 19 bila sababu. Hapo jiulize ni kitu gani kilikuwa kinaondolewa.

SWALI: Sina njia ya kusafiri hadi Japani, hivyo natazama picha tu. Nitazame nini? Na siku nitakapokabidhiwa upanga mkononi, nifanyeje nisije nikaonekana mshamba?

JIBU: Picha zinadanganya bila mpiga picha kukusudia. Ule weupe wa mawimbi unaouona kando ya makali katika picha nyingi si hamoni. Ni hadori, weupe ambao mnoaji huuleta kwa kusugua kijiwe chembamba kwa kidole gumba, akifuata umbo la hamoni kwa jumla na mara nyingine kulirembesha. Hamoni ya kweli huonekana mwanga unapoakisiwa kwa pembe maalumu, nayo hujitokeza kama ukungu mwembamba unaong'aa au chembechembe zinazometameta. Kwa hiyo omba picha zilizopigwa kwa taa moja ya pembeni, na hasa picha tatu ambazo wauzaji wengi huzisahau: ncha kwa pande zote mbili, eneo la machi, na nakago nzima.

Ncha naisisitiza kwa sababu maalumu. Hamoni inapaswa kuingia nchani na kurudi nyuma kuelekea mgongoni, na sehemu hiyo huitwa boshi. Ncha iliyovunjika ikachongwa upya bila uangalifu huweza kubaki bila boshi, kumaanisha kwamba ncha hiyo haina matiko, na hilo halirekebishiki. Papo hapo nchani huweza pia kutokea ufa uliopinda unaofuata boshi, maarufu kama karasunokuchi, ambao nao ni wa kuukataa. Hamoni inayokatika mahali, au inayoteremka mpaka ikatoweka kwenye ukingo wa makali, ni ya kundi hilo hilo.

Siku ya kuushika upanga, omba ruhusa, kisha uchomoe huku makali yakitazama juu, ili mgongo ndio uteleze ndani ya ala. Usiguse chuma kwa kidole hata kwa sekunde moja, kwa kuwa chumvi ya jasho huanza kazi yake mapema. Usizungumze mdomo ukiwa juu ya upanga. Ukitaka kuona nakago, mwombe mwenyewe autoe mpini. Baadaye elekeza ncha chini kidogo ya balbu moja isiyofunikwa, ukiwa chumba chenye giza kiasi, na uusogeze mwanga taratibu kutoka machi hadi ncha. Anza na umbo zima, ufuate na ncha, makali, bapa, kisha nakago. Mtu anayechukua lenzi kabla ya kuliona umbo la upanga huonekana mshamba kuliko yule aliyesahau kuinama kwa heshima.

SWALI: Upanga una cheti cha Hozon na kadi ya usajili ya Japani. Je, si hakikisho tosha?

JIBU: Ni hakikisho la mambo mengine. Kadi ya usajili, torokusho, ilianza mwaka 1951 na hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Huandika aina ya upanga, urefu, mpindo, idadi ya matundu ya kigingi katika nakago na maandishi yaliyopo, bila kusema kama maandishi hayo ni ya kweli. Saini ya kughushi husajiliwa kama ilivyoandikwa. Kazi ya kadi ni kuufanya upanga umilikiwe kihalali ndani ya Japani, na upanga unapotoka nchini kadi hiyo hurejeshwa, baada ya Idara ya Mambo ya Utamaduni kutoa kibali.

Cheti cha Hozon hutolewa na Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai, jumuiya iliyoundwa mwaka 1948 na ambayo ina Makumbusho ya Upanga huko Ryogoku, Tokyo. Madaraja yake ni manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Waamuzi wake wakikubali saini, au wakiutaja mkono au shule iliyoufua upanga usio na saini, maoni yao yana uzito mkubwa, na upanga wenye saini waliyoiona kuwa ya uongo haupewi cheti. Hata hivyo cheti kinajibu swali la nani na lini kuliko swali la afya. Upanga wenye ware, umegane au uchovu wa wastani huweza kupata Hozon bila shida, na tena chochote kinaweza kuupata upanga baada ya tarehe iliyoandikwa pale. Nunua cheti pamoja na macho yako.

SWALI: Nimenunua katana yenye madoa ya kutu. Muuzaji asema msasa laini na mafuta vitaondoa kila kitu, pamoja na nyufa ndogo. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa kuuweka msasa mbali. Unoaji wa upanga wa Kijapani ni taaluma inayosomwa kwa miaka mingi chini ya fundi, na huupitisha upanga kwenye mfuatano wa mawe, kutoka yale yanayokwaruza hadi uchigumori, jiwe laini linalochimbwa karibu na Kyoto. Kazi ya mawe ya mwanzo ni kulinda pembe na mistari ya umbo kadiri ya kuondoa kutu. Msasa hulainisha pembe hizo zote, na chuma utakachokiondoa kwa jioni moja ndicho ambacho fundi angekihitaji ili kurekebisha ulichofanya. Nyufa ndogo pia hazitaondoka. Ware nyingi hupanuka kadiri unavyozifuata, na fukure iliyokuwa imefumba itafumbuka.

Kutu ya nakago usiiguse kabisa. Rangi yake nyeusi iliyokomaa, pamoja na alama za tupa ya mhunzi zilizo chini yake, ni ushahidi wa umri ambao hakuna fundi anayeweza kuurudisha, na nakago iliyosuguliwa ikang'aa hushusha bei kuliko kasoro nyingi nilizozitaja hapo juu. Kutu nyekundu iliyo juu, kwenye upanga wenyewe, ipake mafuta mepesi ya kutunzia panga, yale ambayo tangu zamani hutiwa harufu ya karafuu, uipanguse kwa karatasi laini, na uishie hapo.

Kisha mtafute mnoaji aliyefunzwa na umwombe afungue dirisha, yaani anoe eneo dogo la sentimita chache ili chuma kilicho chini kionekane. Atakuambia kama ngozi iliyobaki inahimili unoaji kamili, na akikuta hagire atakuambia usitumie fedha zaidi. Gharama hukadiriwa kwa urefu wa upanga, na kwa katana ya kawaida isiyo na saini huweza kuzidi bei uliyoinunulia. Wakati unasubiri zamu yako, ambayo kwa mafundi wazuri huwa ndefu, hifadhi upanga katika shirasaya mpya, yaani ala ya mti mtupu, kwa kuwa ala ya zamani iliyokaa na upanga wenye kutu hubaki na kutu hiyo ndani.